Siku Nne za Spika Munich: Honi, Paneli na Visanduku Vidogo

Jumatano

High End, maonyesho ya vifaa vya kusikilizia muziki, yalikaa Munich, Ujerumani, kuanzia 2004 hadi 2025, kwenye majengo ya MOC yaliyoko Lilienthalallee, kisha yakahamia Vienna mwaka 2026. Kumbukumbu hizi ni za MOC. Anayekwenda Vienna atakuta vyumba vingine, ila fizikia ni ileile.

Kutoka uwanja wa ndege, treni ya S8 inafika Marienplatz kwa dakika arobaini hivi. Hapo unachukua U6 ya kaskazini hadi Kieferngarten, halafu ni mwendo mfupi kwa miguu. Ukisinzia ukapitiliza kituo kimoja utajikuta Fröttmaning, kwa mashabiki wa Bayern.

Begi la kusikilizia ni jepesi: flashi, tepu ya kupimia ya mita 5, simu yenye programu ya kupima desibeli, vizibo vya masikio na daftari. Faili za muziki ziwe za aina ya FLAC, isiyopoteza ubora wa sauti, za biti 16 na kilohezi 44.1. Zile kubwa za kilohezi 192 hazina faida hapa, kwa sababu vichezeshi vingine vinazikataa, na mwenye chumba hatakusubiri uhangaike na flashi huku watu thelathini wakikutazama mgongo.

Vipande sita vinatosha, kila kimoja na kazi yake. Cha kwanza ni kelele ya pinki, mvumo wa majaribio wenye masafa yote, ya mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili), sekunde 20. Cha pili ni mwanamume anayesoma habari kwa Kiswahili bila muziki wowote, maana hakuna chombo ambacho sikio linakijua kuliko sauti ya mtu anayeongea lugha yako. Cha tatu ni taarab ya Unguja yenye ganuni, udi na fidla kwa pamoja; ala hizi hugombania masafa yaleyale, na spika mbovu huzigeuza uji. Cha nne ni ngoma ya msondo, kwa ajili ya besi inayoanza na kukoma ghafla. Cha tano ni dansi la zamani la mono, magita mawili na besi. Cha sita ni ilimba ya Wagogo.

Ilimba ndiyo inayoumbua twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu. Ina mvumo wa makusudi, unaotokana na utando wa buibui uliofunika tundu lake. Kwenye spika safi mvumo huo ni mkavu na unakaa pembeni ya noti kama kivuli chake. Twita ikiwa inakwaruza, noti na mvumo vinashikana vikawa uchafu mmoja, na huwezi tena kutenga kipi ni cha ala na kipi ni cha spika.

Vyumba vingi hupiga muziki wa aina moja: mwanamke anaimba taratibu, gita moja, kimya kingi katikati. Hata redio ya kibanda cha chai hupendeza kwa wimbo wa hivyo. Omba kipande chako kwa adabu, dakika moja tu, na wengi watakubali.

Alhamisi

Siku ya kwanza ni ya wafanyabiashara, kwa hiyo viti vipo. Ni siku ya honi kubwa, spika zenye mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, kwani kuanzia Ijumaa mchana vyumba vyake havikaliki. Vyumba vya ghorofani MOC vina vioo upande wa ukumbi, na kioo kitupu hurudisha sauti za juu karibu zote. Kabla ya kuandika neno lolote juu ya spika, angalia kioo kimefunikwa na nini. Pazia jembamba linapunguza twita tu. Pazia zito lenye mikunjo, likiachwa sentimita 20 mbele ya kioo, linashuka hadi sauti za kati.

Babu wa honi zote za ukumbini ni Western Electric 555 ya 1926, iliyotengenezwa kwa sinema za kwanza zenye sauti. Kampuni ya Silbatone ya Korea ilileta mitambo ya ukoo huu Munich kwa miaka mingi. Drayva hiyo, yaani kile kipande kinachotoa sauti nyuma ya honi, haina sumaku ya kudumu. Ina koili inayopewa volti 7 na kuvuta ampea 1.5 muda wote, nayo ndiyo inayozaa usumaku. Ugavi huo wa umeme ukiwa na mngurumo, mngurumo unatokea mdomoni mwa honi, tena kwa sauti kubwa.

Sauti ya msomaji wa habari inatoka bila jitihada, kama mtu anayeongea ukumbini bila maikrofoni na bado anasikika mlango wa nyuma. Hakuna ukali hata sauti ikipandishwa. Upungufu nao uko wazi: chini kabisa hakuna kitu, na juu kunafifia mapema, kwa hiyo lazima zikae woofa (spika za besi) na twita za kusaidia. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Honi ya 15A ina njia ya sauti ya futi 14 hivi iliyokunjwa ndani, karibu mita 4.3. Sauti husafiri mita 344 kwa sekunde, kwa hiyo inachelewa milisekunde 12 na nusu. Twita ikiwekwa juu ya honi bila kucheleweshwa, pigo la msondo linafika mara mbili: kwanza mlio wa kiganja kwenye ngozi, halafu ngoma yenyewe. Ukisikia pigo lenye mkia wa mbele namna hiyo, usilaumu honi. Uliza kama kuna prosesa, kifaa cha kidijitali cha kugawanya na kuchelewesha sauti, na imewekewa milisekunde ngapi.

Honi za kisasa za duara, kama zile za Avantgarde wa Ujerumani, zinaonyesha wazi kwa nini vitu hivi ni vikubwa kiasi hicho. Mzingo wa mdomo wa honi unatakiwa ulingane na urefu wa wimbi la chini kabisa inalotakiwa kulibeba. Kwa Hz 500 wimbi ni sentimita 69, kipenyo cha mdomo sentimita 22, beseni dogo la kunawia. Kwa Hz 100 kipenyo ni mita 1.1. Kwa Hz 50 ni mita 2.2, na hapo tayari tunazungumzia mlango wa gereji. Ndiyo maana hata wenye honi hurudi kwenye koni za kawaida kwa besi, na ndiyo maana pale zinapokutana panasikika mshono: ngoma nzito iliyobaki nyuma, gita jepesi lililotangulia.

Kasoro ambayo watu huiita "sauti ya honi", ile ya mtu kuongea akiwa amekinga viganja mdomoni, huletwa na mambo mawili. Moja ni ukingo wa mdomo uliokatwa ghafla, unaorudisha sehemu ya wimbi ndani. Pili ni fundi kuishusha honi hadi ukomo wake wa chini badala ya kuachana nayo mapema. Honi yenye ukomo wa Hz 500 ianze kazi Hz 700 au 800. Msomaji wa habari hukufichulia hili kwa sekunde tano.

Kuhusu umbali: mbele ya honi tatu kwa mita mbili unasikia midomo mitatu. Rudi nyuma hatua kwa hatua huku msomaji akisoma. Kuna mahali, mara nyingi kati ya mita 3.5 na 4.5, ambapo midomo inaungana kuwa mtu mmoja. Chumba ambacho kiti cha mwisho kiko mita tatu hakikuwa cha spika hiyo, hata ingekuwa na bei ya nyumba Kigamboni.

Anayejenga mwenyewe atakutana na tatizo la uwiano. Drayva ya honi yenye desibeli 108 kwa wati moja ikiwekwa na woofa ya inchi 15 yenye 96, lazima ipunguzwe desibeli 12. Kwa drayva ya omu 8 hilo ni rezista ya omu 6 kwenye mstari, ikifuatiwa na ya omu 2.7 inayovuka kutoka chanya kwenda hasi ya drayva. Zote za wati 10. Mafundi wengi huweka ile ya kwanza tu. Sauti inapungua kweli, lakini krosova, sakiti inayogawa masafa kati ya spika, sasa inaona omu 14 badala ya 8, sehemu ya kugawanyia masafa inahama, na honi inaanza kupiga kelele mahali ambapo haikutakiwa.

Ijumaa

Kutoka kwenye honi kwenda LS3/5A ni kama kushuka kwenye lori ukapanda baiskeli. BBC ilibuni kisanduku hiki, chenye kimo cha sentimita 30 na upana wa 19, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, na makampuni kadhaa ya Uingereza bado yanakitoa. Kina desibeli 83 kwa wati moja, nyuma ya honi ya 105 kwa desibeli 22. Ukizigeuza kuwa nguvu, sauti ambayo honi inaitoa kwa wati 1 kisanduku hiki kinaidai wati 158, na koili yake ingeungua kabla ya kufika huko. Wanaokipigia kelele za disko hawajui wanachokifanya.

Ila kwa msomaji wa habari hakina mpinzani ukumbini. Mtu yuko pale, kifua chake na meno yake, kwenye nafasi katikati ya spika mbili. Taarab inatoka ndogo lakini kila ala ina kiti chake. Msondo unabaki mlio bila uzito: besi imevimbishwa kidogo kuzunguka Hz 100 na zaidi ili ionekane ipo, na chini ya hapo inaanguka.

Funzo kubwa liko kwenye mbao zake. Ukuta ni plaiwudi ya milimita 12 tu, iliyobandikwa karatasi nzito za lami ndani. Huku kwetu fundi anayetaka sifa hutumia MDF, ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ya milimita 25. Ukuta mnene na mgumu hauachi kutetemeka. Unapandisha mtetemo uende juu, mara nyingi katikati ya sauti ya mtu. Ukuta mwembamba uliolemazwa kwa lami unatetemeka chini zaidi na kunyamaza haraka. Sharti ni plaiwudi nzuri. Ile ya bei rahisi yenye mapengo kati ya tabaka huzizima kama nzi ndani ya chupa, na hakuna lami ya kuiponya. Piga kwa kifundo cha kidole: ikitoa "tup" chukua, ikitoa mlio wenye mkia iache dukani.

Mchana ni wa MBL wa Berlin. Spika zao za Radialstrahler hazina uso. Vipande vyembamba vilivyopinda kama vipande vya tikiti vinavimba na kusinyaa, na sauti inatoka pande zote. Ganuni inajaa chumba kizima, na unaweza kusimama pembeni kabisa bila kupoteza mpangilio wa ala. Gharama yake ni ukuta. Kinachokwenda nyuma ni kingi sawa na kinachokuja mbele, kwa hiyo ukuta ukiwa karibu, maikrofoni moja ya msomaji inakuwa msikiti mzima. Mita moja na nusu kila upande ndiyo kiwango cha chini. Unyeti wake ni wa desibeli 81 hivi kwa modeli ya 101, na amplifaya zinazoiendesha zinatoa joto la kukaushia nguo.

Paneli, spika bapa zisizo na sanduku, ndizo zilizochukua muda mrefu zaidi leo. Mzazi wao ni Quad ESL ya 1957, kazi ya Peter Walker: utando mwembamba kuliko mfuko wa maandazi, uliochajiwa takriban volti 6,000 upande wa besi na 1,500 upande wa juu, ukiwa katikati ya sahani zenye matundu. Hakuna sanduku, kwa hiyo hakuna sauti ya sanduku, na ukishasikia udi kwenye paneli unagundua ni kiasi gani cha mbao ulikuwa umezoea kukisikia. Kidole kikiacha waya unasikia kinaacha.

Paneli hutoa sauti mbele na nyuma, ya nyuma ikiwa imegeuzwa. Ikiwekwa mita moja kutoka ukutani, ya nyuma inakwenda na kurudi mita mbili, milisekunde 5.8. Sikio linaipokea kama nafasi zaidi, si kama mwangwi. Ikisukumwa hadi sentimita 40, inarudi mapema mno na sauti ya mtu inageuka nyembamba, yenye pua. Vyumba viwili leo viliwakilisha hali hizo mbili, spika za namna moja, na wasikilizaji walikuwa wanatoka na maoni yanayopingana kabisa.

Anayefikiria kuipeleka paneli ya chaji Mombasa au Zanzibar ajue adui wake ni unyevu na vumbi. Vyote viwili huvujisha chaji, kwanza upande mmoja unapungua sauti, kisha huanza vicheche. Zile za Magnepan, ambazo ni waya au utepe kwenye plastiki mbele ya sumaku, hazina tatizo hilo la chaji, ingawa gundi yake haipendi jua la dirishani.

Jumamosi

Wakati wa maonyesho haya hoteli ya Marriott, vituo vichache nyuma kwenye U6 ileile, ilikuwa ikipokea HiFi Deluxe, maonyesho madogo ya vyumba vya hoteli. Ilikuwa vizuri kwenda asubuhi, maana vyumba hivi vilifanana na sebule kuliko kitu chochote MOC, na makosa yake yalikuwa ya sebuleni.

Chumba kimoja kilikuwa na woofa mbili za inchi 12 kila upande. Urefu wa chumba kwa tepu ni mita 5, upana 4, kimo 2.5. Gawanya 344 kwa mara mbili ya kila kipimo: Hz 34, 43 na 69. Hizo ndizo noti ambazo chumba kitazipigia debe chenyewe. Gita la besi lilikuwa linatembea vizuri, kisha noti moja inanguruma hadi glasi mezani zinajibu, kisha noti ya jirani yake haipo. Viti vilikuwa katikati kabisa ya urefu wa chumba, mahali ambapo Hz 34 inajifuta, na waliosimama ukutani nyuma walikuwa wanaipata yote. Watu wawili chumba kimoja, mmoja anaandika "haina besi", mwingine "besi imezidi", na wote wako sahihi.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kiti kitoke katikati kiende asilimia 38 ya urefu, yaani mita 1.9 kutoka ukuta wa nyuma kwa chumba hicho. Ya pili ni soksi: zikunjwe zizibie tundu la spika. Besi inapungua, lakini inashuka taratibu badala ya kuanguka, na pigo linakoma kwa wakati. Mwenye chumba alikubali kujaribu, akatumia taulo la hoteli, na msondo ukarudi kuwa ngoma.

Kuna shimo jingine ambalo kusogeza kiti hakulimalizi. Sauti ya besi inayokwenda nyuma, ikagonga ukuta na kurudi, hujifuta pale umbali unapokuwa robo ya wimbi. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani shimo liko Hz 86. Sentimita 60, liko Hz 143, katikati ya sauti ya mwanamume. Mita 2, Hz 43. Ama sogeza woofa ikaribie kabisa ukuta, sentimita 20, shimo liende Hz 430 ambako woofa imeshaachia kazi, au itoke mbali. Katikati ndipo pabaya, na katikati ndipo wengi wanapoweka.

Chumba kingine kilikuwa na tatizo la aibu. Msomaji wa habari hakuwa katikati. Alikuwa kila mahali, kama anaongea ndani ya kichwa, na besi ilikuwa imekimbia. Spika moja ilikuwa imegeuzwa chanya na hasi. Kelele ya pinki ya mono inaonyesha hilo papo hapo: ikikaa katikati kama nukta, waya ziko sawa, ikitawanyika, kagua sehemu za kufungia waya nyuma ya amplifaya na spika.

Mchana, MOC imefurika. Miili arobaini ndani ya chumba hunyonya sauti za juu, na waonyeshaji hujibu kwa kuongeza sauti. Tofauti ya desibeli moja tu humfanya mtu aseme spika ni bora, bila kujua kwamba ni kubwa tu, kwa hiyo maandishi ya Jumamosi mchana yawekewe alama ya kuulizwa. Simu ilionyesha 94 kwenye vyumba vitatu. Kwa kiwango cha NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, desibeli 85 zinavumilika kwa muda wa saa nane kwa siku, na kila 3 zinazoongezeka hukata muda nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Vizibo vilivaliwa saa nane mchana, na jioni hakikusikilizwa chochote.

Jumapili

Masikio yamepumzika, watu wamepungua. Ni siku ya vipuri. Mundorf wa Köln hutengeneza kapasita na pia twita za AMT, uvumbuzi wa Oskar Heil: utando uliokunjwa kama feni ya karatasi, unaobana hewa kati ya mikunjo na kuitoa kwa kasi kubwa kuliko mwendo wa utando wenyewe. Kwenye ilimba zilikuwa bora kuliko twita nyingi za kuba za wiki hii. Ila kichwa kikipanda au kushuka zinafifia, basi twita ya namna hiyo iwe usawa wa sikio la aliyeketi, sio la fundi aliyesimama.

Kwa anayetaka kitu cha kujenga nyumbani, mfano wenye akili ni LXmini ya Siegfried Linkwitz, aliyefariki 2018. Mwili wake ni mabomba ya PVC ya duka la vifaa vya ujenzi. Woofa inatazama juu, mdomoni mwa bomba lililozibwa chini. Juu yake spika ya sentimita 10 iko kwenye kipande cha bomba kilicho wazi nyuma, inafanya kazi kama paneli ndogo. Zinagawana karibu Hz 700 kwa prosesa, si kwa koili na kapasita, kwa hiyo zinahitajika chaneli nne za amplifaya. Bila prosesa usianze. Koni hizo hazijasawazishwa na chochote kingine.

Jioni mapazia yanashushwa huku spika nyingine bado zinaimba. Kwenye chumba kimoja, msomaji wa habari alikuwa hajamaliza sentensi vioo vilipobaki vitupu, na papo hapo "s" zake zikawa sindano. Spika, amplifaya na kiti vilikuwa palepale. Sebule ya zege yenye vigae na dirisha la alumini iko hivyo siku zote.

Vipimo vya chumba kilichosikika vizuri kuliko vyote wiki hii, kwa spika za sakafuni za njia mbili: kutoka uso wa spika hadi ukuta wa nyuma yake mita 1.4, hadi ukuta wa pembeni mita 0.9, kati ya spika na spika mita 2.4, hadi sikio mita 2.8. Zulia zito sakafuni kati ya spika na kiti, rafu ya vitabu isiyopangika nyuma ya msikilizaji. Spika zimegeuzwa ndani hadi shavu la ndani la sanduku halionekani kabisa kutoka kwenye kiti.